Jiwe Lililosita

Watu wa Butimba humsifu mume wangu kwa upole. "Baba Shimba hana neno na mtu," ndivyo wasemavyo, nami huwaacha waseme. Aisifuye mvua imemnyea, na hawa hata wingu lake hawajaliona. Ndalahwa wangu hapigani, hatukani, halewi. Ana wivu tu, na wivu wenyewe si ule wa mume kumchungulia mkewe anaongea na nani kisimani. Laiti ungekuwa huo, ningeringa mtaa mzima. Yeye humwonea wivu mtu anayefanya kazi vizuri kuliko yeye.

Mama mkwe alinionya mapema, tumekaa kwake Sengerema tunamenya mihogo, hata sufuria za harusi sijazifungua. Alinisimulia kwamba baba yao alimpa Maige, mdogo wake Ndalahwa, ndama, akamwacha mkubwa mikono mitupu kwa sababu ya utundu fulani. Mtoto mwingine angelia, angempiga mdogo wake, yakaisha. Ndalahwa hakulia. Alikuwa anakaa juu ya kichuguu anamtazama yule ndama tangu anatolewa zizini mpaka anarudishwa. Maige ndiye aliyekuwa na ndama, lakini aliyejua ndama anapendelea majani gani na anachechemea mguu upi ni mume wangu. "Anapoona kijicho hafanyi ubaya," mama mkwe aliniambia. "Anatazama. Anatazama mpaka anasahau vya kwake." Nikacheka, nikafikiri huo si ugonjwa wa kumtisha mwanamke.

Jambo la pili lilikuwa la ngoma, na hili alinisimulia mwenyewe. Usukumani, mavuno yakiisha, watu hucheza mbina, ngoma ya kushindana, Wagika upande huu na Wagalu upande ule, uwanja mmoja, siku moja. Hakuna jaji wa kukaa mezani. Jaji ni watu. Kila kundi linacheza kwa ufundi wake, watu wanahama wanavyotaka, na mwisho wanaangalia duara la nani limejaa zaidi. Ndalahwa akiwa kijana alikuwa manju wa kikundi kidogo cha Wagika, na baba yake alimfundisha sharti moja, manju hatazami ng'ambo. Watu wakikukimbia, cheza. Wakishangilia kule, cheza. Ukigeuza shingo tu, wachezaji wako wataigeuza na wewe, na huo ndio mwisho wenu. Basi siku yake kubwa, Wagalu wakaleta nungunungu aliyefundishwa kuzunguka na ngoma. Ndalahwa akasikia vigelegele. Akageuza shingo. Mwaka ule ule aliacha ngoma akavuka maji akaja Mwanza.

Mjini alipata kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, karani wa ghala. Yeye ndiye aliyeamua robota hili likae hapa na lile lipande pale, na marobota yake yalipanda mpaka karibu na bati bila kuyumba. Nilikuwa nikimpelekea chakula namkuta amesimama mlangoni, kumbe hatazami ghala lake, anatazama la jirani yake. Kisha soko huria likaja. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, pamba ikaanza kupita pembeni ya ushirika, kiwanda kikawa kinafanya kazi wiki moja na kulala mwezi. Walipotangaza watu wa kupunguzwa, mume wangu alikuwemo. Siku hiyo hakuuliza tutakula nini. Aliuliza kama karani wa ghala la pili naye kapunguzwa.

Nikaanza kukaanga mapanki. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa pale kando ya ziwa, vinatoa minofu ya sangara ya kwenda Ulaya, na kinachobaki, kichwa na mgongo, ndicho kilichotufikia sisi. Mzungu ale nyama, mimi nikaange mifupa. Mapanki hayo yalitulisha, yakamsomesha Shimba wetu, na wateja wangu walinifahamu kuanzia Butimba mpaka stendi. Sitaki mtu aniambie habari ya harufu.

Huko Sengerema, Maige naye soko huria lilimkuta amekaa vizuri. Alikuwa ananunua pamba kwa wakulima, amejenga ghala lake mwenyewe la bati jipya. Akatuma ujumbe: kaka asihangaike mjini, arudi nyumbani, kazi ipo, atalinda ghala. Maige alisema kwa moyo mweupe, mimi namjua. Lakini fikiria Ndalahwa na roho yake ile, anaamka kila asubuhi kufungua mlango wa ghala la mdogo wake! Nami mapanki yangu ningemkaangia nani huko, ambako kila nyumba ina mvuvi wake? Tukakubaliana, mara moja tu katika maisha yetu bila ugomvi, kwamba hatuvuki.

Ndipo kiinua mgongo chake cha kiwandani kilichokuwa kimebaki kikapanda ngazi, kikawa ada. Pale Nyamagana, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, Mwalimu Kamugisha alikuwa amefungua darasa la kompyuta. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mtu wa tai shingoni hata jua likiwa utosini, aliyewahi kufanya kazi benki kabla benki nayo haijaanza kupunguza watu. Mashine alizileta zimetumika huko nje, na zilizokuwa zinawaka bila kubembelezwa ni mbili. Wengi walijiunga wakidhani watafundishwa kupiga chapa kwa haraka. Kamugisha akawafundisha kuiandikia mashine maagizo, hatua kwa hatua, ifanye kazi yenyewe. Wengi wakashuka ngazi na hawakupanda tena.

Ndalahwa hakushuka. Nilishangaa. Alikuja nyumbani macho mekundu, akaniambia kwamba ile mashine haina akili hata kidogo, ukisahau kuiambia jambo dogo inakosea bila aibu, na kwamba hajawahi kufurahi hivyo tangu aache ngoma. Nikamuuliza, hata siku ya harusi? Akasema harusi ni kitu kingine.

Siku moja Mwalimu akatangaza kwamba anatafuta msaidizi wa kufundisha, mwenye mshahara wa kila mwezi. Nafasi moja. Atakayeipata ni yule atakayefumbua fumbo lake.

Fumbo lenyewe lilitokana na mawe yetu. Kamugisha alikuwa hajazoea. Kwao, alisema, mlima ni mlima na bonde ni bonde, lakini huku Mwanza jiwe limekaa juu ya jiwe kama mtoto aliyepakatwa, na wenyeji wanaanika nguo hapo bila hata kuinua macho. Basi akawaambia: mawe yanadondoka kutoka juu, moja baada ya jingine. Mengine bapa, mengine ya mviringo. Jiwe bapa likitua, linakaa. La mviringo likitua juu ya kitu linaangalia pembeni: bega la kushoto likiwa wazi linateleza kushoto, likizibwa linajaribu kulia, pote pakizibwa ndipo linakaa. Akaandika ubaoni mfuatano mrefu wa mawe, bapa, mviringo, mviringo, bapa, mpaka ubao ukajaa. Swali: jiwe la mwisho likishakaa, lundo litakuwa na kimo gani? Mashine ndiyo ijibu, si vidole.

Baada ya wiki chache waliobaki kwenye fumbo ni wawili, mume wangu na msichana mmoja wa Muleba, Kokulinda. Na hapo ndipo mimi nilipopata mgonjwa ndani ya nyumba.

Alianza kuniletea jina hilo mezani. Ameshika tonge, hali, anasema.

"Leo Kokulinda jiwe lake limetoboa lundo likapita mpaka chini. Hakuangalia kama pembeni kuna jiwe jingine."

"Kula."

"Nilidhani atalia. Hakulia. Alicheka, akafuta mstari mmoja tu, akaandika mwingine. Mmoja tu, mama Shimba! Mimi ningefuta ukurasa mzima."

"Kula, baba Shimba. Ugali unapoa."

"Halafu haandiki kwa haraka. Anakaa, anakunja mikono, anatazama ukutani. Ukutani hakuna kitu, nimeangalia."

Kesho Kokulinda, keshokutwa Kokulinda. Akiwa anaoga nasikia anaongea peke yake, Kokulinda hivi, Kokulinda vile. Nikawa namchukia kwa niaba yangu na kwa niaba ya mume wangu. Mwanamke mwenzangu angenielewa: mumeo anajua mwanamke mwingine anavyokunja mikono, lakini mimi nimebadilisha kitambaa cha kichwa wiki mbili na hajaona. Nilimwambia hivyo hivyo. Akanitazama akaniuliza, "Kitambaa kipi?"

Nikaenda kumwona. Nilifungasha chakula kama kisingizio, nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikapanda zile ngazi nikiwa nimejiandaa. Ningemkuta mrembo ningejua pa kuanzia. Nikamkuta msichana mwembamba, nywele fupi, kandambili miguuni, aliyekuwa mpiga chapa wa parokia moja huko kwao kabla hajaja kukaa kwa shangazi yake. Aliponiona akasimama upesi.

"Shikamoo dada."

Shikamoo! Kwani mimi bibi yake? Nikaitikia marahaba kwa meno.

"Karibu sana. Wewe ndiye mama Shimba? Kaka Ndalahwa anakutaja." Akafuta benchi kwa sweta lake mwenyewe ili kitenge changu kisichafuke. "Anasema una biashara nzuri. Mimi mapanki nayapenda, yakikauka vizuri."

Sikuona pa kumshika. Nilikaa pale nikimtazama mume wangu, nikagundua kiti chake hakikuelekea mashine yake sawasawa. Alikuwa amekisogeza, akakiinamisha kidogo, na nilipofuata macho yake nikaona anatazama kioo cha dirisha, ambamo mashine ya Kokulinda ilionekana kama kwenye maji. Msichana mwenyewe alijua. Alilitwaa lile sweta akalitundika kwenye kioo, akarudi kukunja mikono.

Lakini nisimwonee. Ndalahwa naye alifumbua fumbo lake, na aliyemsaidia ni mimi, ingawa hakuna aliyenitaja. Nilikuwa napanga mapanki kwenye sinia, vichwa na migongo, na kila nikiweka kichwa kinateremka, naweka mgongo unakaa. Nikalalamika kwa sauti kwamba kichwa hakina adabu, hakikai mpaka kibanwe pande zote. Ndalahwa alikuwa amekaa kizingitini. Akasimama, akaja akalitazama sinia langu. Akachukua kichwa kimoja akakiachia juu ya vingine, kikateremka kushoto. Akachukua kingine, kikaenda kulia. Cha tatu kikakaa. Akaondoka bila viatu. Wateja wakaniuliza kama kuna msiba. Jioni alirudi akinuka jasho na furaha, akasema mashine yake imejibu.

Nilimuuliza, "Na Kokulinda?"

Uso ukamwanguka. "Yake nayo imejibu," akasema. "Leo hii hii."

Majibu yalikuwa sawa. Kimo kile kile, na Mwalimu alipohesabu mwenyewe kwa mkono siku nzima akakuta ni hicho hicho. Kamugisha akawaza sana. Msaidizi ni mmoja, mshahara ni mmoja. Alikuwa anafikiria kuwatungia fumbo la pili, na hapo mume wangu akanyoosha mkono.

"Mwalimu," akasema, "kwetu hili lisingetusumbua. Tungecheza mbina."

Akamweleza. Mashine mbili ziwashwe, moja ukuta huu na nyingine ukuta ule. Watu waitwe waje watazame mawe yakianguka, wahame wanavyotaka. Filimbi ikipulizwa, watu wote waliomo chumbani wahesabiwe, na manju pia. Mwenye duara kubwa ndiye msaidizi. Mwalimu akacheka mpaka akalegeza tai, kisha akasema kwamba kweli, mtu ambaye watu hawasimami kumtazama atamfundisha nani? Kokulinda akakubali kwa kichwa.

Ndalahwa aliniletea habari hiyo kama mtu aliyeua tembo. Unaelewa hila yake? Msichana ni wa Muleba, mbina haijui, na Nyamagana nzima imejaa Wasukuma. "Na wewe," akaniambia, "utaleta watu wa Butimba." Nikasema watakuja. Niliwaambia wanawake wenzangu wote wa mapanki, na waliosita niliwapa kichwa cha bure. Nilitaka ile kazi kuliko yeye. Nilishaona mwisho wa mwezi, nilishaona nikimtumia Maige ujumbe wa asante hatuji.

Siku ikafika, Jumamosi mchana, na umeme kwa bahati ulikuwepo. Chumba kilijaa mpaka ngazini: mafundi wa baiskeli kutoka chini, wachuuzi wa sokoni, wanawake wangu, na watu waliosikia kelele wakapanda tu. Mume wangu alivaa shati jeupe. Akasimama mbele ya wote akasema sharti kwa sauti ya manju wa zamani, nami nilimwona kijana tena.

"Filimbi ikilia, kila mtu ni wa pale aliposimama. Hakuna kusema nilikuwa napita. Hata awe mama yako mzazi, amesimama kule, ni wa kule!"

Watu wakashangilia. Mwalimu akainua filimbi ya mwamuzi wa mpira, akasema atapuliza atakapopenda.

Mwanzoni tulikuwa tumemla mzima mzima. Duara la Ndalahwa lilijaa mpaka nilikuwa nakanyagwa. Alibonyeza, na kwenye kioo cha mashine mawe yakaanza kushuka, mistari mifupi na viduara vya kijani, paa paa paa, kufumba na kufumbua lundo limejengeka na kimo kimeandikwa juu. Watu wakasema aaa. Akabonyeza tena. Lundo lile lile, paa paa paa. "Mashine ina mbio!" fundi mmoja akasema. Mara ya tatu hakuna aliyesema kitu, kwa sababu kabla jicho halijakaa mambo yameisha.

Upande wa pili mashine ilikuwa taratibu hata aibu. Jiwe moja, halafu jingine. Waliosimama pale walikuwa wachache, lakini ghafla wote wakavuta pumzi pamoja, kisha wakaangua kicheko. Shingo mbili tatu upande wetu zikageuka. Kikaja kicheko cha pili, watu wakaanza kuhama. Wanaume wakihama nilinyamaza. Alipohama Dorcas, jirani yangu, mwenye kichwa changu cha samaki tumboni, nilimvuta kitenge. Akasema anakwenda kuona kidogo tu. Hakurudi.

Mimi sikuhama. Nataka hilo lijulikane. Nilitamani, masikio yalikuwa yananiwasha, lakini nilisimama nyuma ya kiti cha mume wangu nikitazama lundo lile ambalo nilishaliona mpaka nimelikariri. Maduara yakawa karibu sawa. Kwa jicho langu la biashara tulikuwa bado tumewazidi kidogo.

Nikaona shingo yake inaanza.

"Baba Shimba," nikamnong'oneza, "usitazame ng'ambo."

"Sitazami."

"Manju hatazami ng'ambo. Ni maneno ya baba yako, si yangu."

"Nimesema sitazami, mama Shimba."

Na kweli hakutazama. Kelele alizivumilia zote, nilimwona anauma mdomo. Kilichomshinda ni ukimya. Upande ule watu walinyamaza wote kwa pamoja, kimya cha kanisani, na kimya kile kikaendelea. Ndalahwa akainuka. Akapita katikati ya chumba, akawasogeza watu kwa bega, akasimama mbele kabisa karibu na Kokulinda, akainama.

Filimbi ikalia.

Nilisema kwa sauti neno ambalo mke wa mtu halisemi mbele ya mwalimu. Kamugisha akahesabu kwa rula, upande wetu kwanza, kisha ule. Akarudia. Akatikisa kichwa.

"Kokulinda amezidi kwa mtu mmoja," akasema. Kisha akamwona mtu mwenyewe. "Ndalahwa? Wewe umesimama wapi?"

Watu wakacheka kicheko ambacho bado nakisikia nikisafisha samaki. Lakini Kokulinda hakucheka. Akageuka kwa Mwalimu.

"Mwalimu, kaka alikuja kuangalia tu. Si haki. Arudi kwake, tuhesabu upya."

Hesabu hiyo hata mimi niliijua. Arudi hatua chache tu, sisi ndio tumezidi mtu mmoja, kazi ni yetu, Sengerema kwaheri. Nikaita, "Baba Shimba, rudi!" Wanawake wangu wakaita, "Rudi! Rudi!" Nilimchukia Kokulinda kwa ukarimu ule kuliko nilivyomchukia siku zote, lakini ningeupokea kwa mikono miwili.

Ndalahwa hakugeuka. "Filimbi imelia," akasema, kama mtu anayefukuza nzi. Kisha akamwinamia yule msichana, na nilisikia vizuri kwa sababu chumba kizima kilikuwa kinamngoja. "Umelifanyaje lisite?"

Ndipo nami nikavuka. Kazi ilishapotea, sikuwa na cha kulinda tena. Nikasimama ubavuni mwa mume wangu nikakitazama hicho kitu. Jiwe la mviringo lilishuka polepole likatua juu ya lundo. Likatulia. Ukadhani limekaa. Kisha likasogea kidogo kushoto, likawa nusu juu ya jiwe na nusu hewani, likasimama pale pembeni kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu. Nikajikuta nimeshika pumzi. Ukweli ni kwamba nililiombea. Halafu likateleza, likashuka hatua kwa hatua mpaka chini, likakaa.

"Niliiambia ingoje," Kokulinda alikuwa anamweleza. "Kabla ya kuteleza, ingoje. Basi. Haibadilishi kimo."

"Haibadilishi kimo," Ndalahwa akarudia.

Sikuwa nalitazama jiwe tena. Nilikuwa namtazama yeye. Mdomo wazi kidogo, macho yamelainika, uso hauna hata chembe ya kijicho, kama kijicho chote kimepita kikatoka upande wa pili. Nimezaa naye, nimekaanga mifupa kwa ajili yake, na siku aliyonitolea ng'ombe wa mahari aliwatazama ng'ombe. Hakuwahi kunitazama hivyo.

Kazi akaichukua Kokulinda. Kiinua mgongo kilikuwa kimekwisha, ikabidi tuuitikie ujumbe wa Maige. Siku tuliyohama, Kokulinda alituma kaka mmoja wa dukani atusaidie mizigo, nikamrudisha.

Tulivuka asubuhi kwa kivuko, sufuria zangu na sinia vimefungwa kwenye shuka, Shimba amelalia godoro. Maige alikuwa anatungoja ng'ambo na gari lake. Ndalahwa alisimama kwenye ukingo wa kivuko akiitazama Mwanza na mawe yake yanavyorudi nyuma, na sikujua anawaza nini kuhusu ghala la mdogo wake. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia, "Ukilitaja jina la yule msichana leo, nakutupa majini, na kuogelea hujui."

Tulifika katikati ya maji hajasema kitu. Tulianza kuona bati la kwanza la Sengerema upande wa pili. Kisha akasogea karibu yangu.

"Lilisita, mama Shimba," akasema. "Uliliona?"

Nilitaka kumjibu vibaya, na maneno nilikuwa nayo.

"Nililiona," nikasema.